Vigawo vya 18,446,744,073,709,551,615, na pale kompyuta inapokosea

Swali: Namba 18,446,744,073,709,551,615 inaishia na 5, kwa hiyo najua si tasa. Ajabu ni kwamba nikiiandika kwenye lahajedwali na kuuliza baki, naambiwa inagawanyika kwa 2. Naomba vigawo vyake tasa vyote, idadi na jumla ya vigawo vyake, na namna ya kuwa na hakika kwamba vile vikubwa havigawanyiki tena. Kingine: programu niliyoandika ya kupima namba tasa inasema 4,294,967,297 ni tasa, lakini mwenzangu anakataa. Nani yuko sahihi? Na jirani yake inayoishia na 617, yaani 18,446,744,073,709,551,617, je, nayo inavunjika?

Jibu: Mwenzako yuko sahihi. Lahajedwali nayo haikukosea kugawanya. Iliharibu namba mapema zaidi, mara tu ulipomaliza kuiandika. Lahajedwali za kawaida hutunza tarakimu 15 za mwanzo. Namba yako ina tarakimu 20, kwa hiyo tano za mwisho ziligeuzwa sifuri na ukabaki na 18,446,744,073,709,500,000. Hiyo ni shufwa kweli, ila siyo namba uliyoiuliza.

Ugonjwa huohuo uko kwenye lugha za programu zinazohifadhi kila namba kama desimali ya biti 64. Katika biti hizo, tarakimu zenyewe zinabebwa kwa usahihi wa biti 53 tu, hivyo ukivuka 9,007,199,254,740,992 (yaani 2⁵³) namba witiri zinaanza kupotea. Chini kidogo ya hapo ulipo wewe, namba mbili zinazofuatana zinazoweza kuhifadhiwa zimeachana kwa 2,048. Yako haimo miongoni mwao. Inasukumwa hadi 18,446,744,073,709,551,616, na kuanzia hapo kila jibu utakalopata ni la namba nyingine. Dawa ni kutumia namba kamili zisizo na kikomo. Python inazo tayari, ilimradi ugawanye kwa // badala ya /. Ukiandika (2**64-1)/3 utapewa 6.148914691236517e+18 na tarakimu za mwisho zimekwenda. Ukiandika (2**64-1)//3 utapata 6,148,914,691,236,517,205 kamili.

Hiyo namba iliyosukumwa ndiyo inayofichua siri. 18,446,744,073,709,551,616 ni 2⁶⁴ kamili, kwa hiyo yako ni 2⁶⁴ − 1. Ndiyo jumla ya 1 + 2 + 4 + 8 na kuendelea hadi miraba yote 64 ya ubao wa sataranji, na ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoingia kwenye biti 64 zisizo na alama ya hasi: ukiiandika kwa mfumo wa mbili ni 1 sitini na nne mfululizo. Mtu asiyeitambua sura hiyo atahangaika nayo. Anayeitambua anaivunja kwenye karatasi.

Kabla ya kutumia sura hiyo, tufanye vipimo vya mkono, maana vinafaa kwa namba yoyote ndefu. Jumla ya tarakimu zake ni 87. Hiyo inagawanyika kwa 3 lakini siyo kwa 9, basi 3 ni kigawo, tena cha mara moja tu. Inaishia na 5, kwa hiyo 5 ni kigawo. Kwa 7, 11 na 13 kuna njia moja inayopima zote tatu kwa mpigo, kwa sababu 7 × 11 × 13 = 1,001. Kata namba katika makundi ya tarakimu tatu kuanzia kulia, kisha ongeza na utoe kwa zamu:

615 − 551 + 709 − 073 + 744 − 446 + 18 = 1,016

Toa 1,001, inabaki 15. Kwa kuwa 15 haigawanyiki kwa 7, wala 11, wala 13, zote tatu zimeondoka kwenye orodha. Hesabu hii ni ya nusu dakika. Kosa la kawaida hapa ni kuanza kukata kutoka kushoto: kundi la mwisho kushoto lina tarakimu mbili tu, na ukianzia huko makundi yote yanahama.

Sasa sura. Tofauti ya miraba miwili, a² − b², ni (a − b)(a + b). Chukua 2⁶⁴ kama mraba wa 2³², na 1 kama mraba wa 1:

2⁶⁴ − 1 = (2³² − 1)(2³² + 1)

Kipande cha kushoto nacho ni tofauti ya miraba, kwa hiyo kinavunjika vilevile, na kinachobaki kinavunjika tena, hadi uishiwe. Mwisho unabaki na

2⁶⁴ − 1 = (2 + 1)(2² + 1)(2⁴ + 1)(2⁸ + 1)(2¹⁶ + 1)(2³² + 1)

yaani 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537 × 4,294,967,297. Na hapo ndipo tunapokutana na namba ya ubishi wenu.

Mwaka 1640 Pierre de Fermat alikuwa na imani kwamba kila namba ya mtindo huu, 2 kwa kipeo ambacho chenyewe ni kipeo cha 2, kisha uongeze 1, ni tasa. Tano za kwanza ni tasa kweli: 3, 5, 17, 257 na 65,537. Ya sita ni 4,294,967,297, na mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kwamba inagawanyika kwa 641:

4,294,967,297 = 641 × 6,700,417

Unaweza kugawanya uone, lakini kuna uthibitisho usiohitaji kugawanya kabisa. Tuhesabu baki za 641 pekee. 641 ni 5 × 128 + 1, kwa hiyo 5 × 2⁷ ina baki sawa na −1. Inue pande zote kwa kipeo cha 4: 5⁴ × 2²⁸ ina baki 1. Lakini 641 pia ni 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴, kwa hiyo 5⁴ inaweza kubadilishwa na −2⁴. Weka hiyo badala yake: −2⁴ × 2²⁸, yaani −2³², ina baki 1. Basi 2³² + 1 ina baki sifuri. Imekwisha.

Vigawo tasa vya namba yako ni hivi saba: 3, 5, 17, 257, 641, 65,537 na 6,700,417. Kila kimoja kinaingia mara moja tu.

Sasa swali lako zito: tunajuaje kwamba 6,700,417 haivunjiki? Njia ya shule ni kuigawanya kwa kila namba tasa hadi kipeuo chake cha pili, ambacho kiko kati ya 2,588 na 2,589. Hizo ni namba tasa zaidi ya 370. Inawezekana, lakini si lazima, kwa sababu kigawo chochote cha 2³² + 1 kina sura maalumu. Tuseme p ni tasa na inaigawanya 2³² + 1. Basi, kwa baki za p, 2³² ni −1 na 2⁶⁴ ni 1. Maana yake vipeo vya 2 vinazunguka na kurudi kwenye 1 baada ya hatua 64 kamili, si pungufu. Kanuni ndogo ya Fermat inasema mzunguko wa aina hiyo lazima ugawanye p − 1. Kwa hiyo p = 64k + 1. Kuna hatua moja zaidi: namba tasa inayobakiza 1 ikigawanywa kwa 8 huwa na namba ambayo mraba wake una baki 2. Mzunguko wa namba hiyo ni mara mbili ya ule wa 2, yaani 128, na wenyewe lazima ugawanye p − 1. Basi p = 128k + 1.

Andika zote zisizozidi 2,588: 129, 257, 385, 513, 641, 769, 897, na kuendelea hadi 2,561. Ni ishirini tu. Futa zisizo tasa (129 ni 3 × 43, 385 inaishia na 5, 1,537 ni 29 × 53, na nyingine za aina hiyo). Zinazobaki ni tano:

6,700,417 kwa 257: baki 170
kwa 641: baki 44
kwa 769: baki 120
kwa 1,153: baki 334
kwa 1,409: baki 622

Hakuna sifuri, kwa hiyo 6,700,417 ni tasa. Migawanyo mitano, si mia tatu na sabini.

Kwa 65,537 mambo ni mepesi zaidi. Vigawo vyake lazima viwe 64k + 1, na kipeuo chake cha pili kimezidi 256 kidogo sana. Chini ya hapo ziko 65, 129 na 193, na iliyo tasa ni 193 peke yake. 193 × 339 ni 65,427, inabaki 110. Mgawanyo mmoja na kazi imeisha. 257 haihitaji hata huo mmoja: kigawo chake kingepaswa kuwa 32k + 1, na hakuna namba kama hiyo chini ya 17.

Idadi ya vigawo vyote inatoka moja kwa moja kwenye orodha ya saba. Kila kigawo kinajengwa kwa kuamua, kwa kila namba tasa, kuichukua au kuiacha. Maamuzi saba ya njia mbili yanatoa 2⁷ = 128. Humo ndani imo 1, na imo namba yenyewe. Vinajipanga katika jozi 64 ambazo zao la kila moja ni namba yako, na jozi iliyokaribiana kuliko zote ni 4,294,967,295 na 4,294,967,297, ambazo zimeachana kwa 2 tu.

Jumla ya vigawo hupatikana kwa kuongeza 1 kwenye kila kigawo tasa, kisha kuzidisha (njia hii ni kwa namba ambazo kila kigawo tasa kinaingia mara moja):

4 × 6 × 18 × 258 × 642 × 65,538 × 6,700,418 = 31,421,980,989,189,888,768

Ukiondoa namba yenyewe, vigawo vilivyobaki vina jumla ya 12,975,236,915,480,337,153. Ni pungufu ya namba yako, kwa hiyo namba hii ni pungufu kwa maana ya kihisabati: vigawo vyake halisi havifikii ukubwa wake, japo inaanza na 3 na 5 ambavyo huongeza sana jumla.

Hapa kuna mtego mbaya. Jumla hiyo ya 31,421,980,989,189,888,768 haiingii kwenye biti 64. Programu ya C inayotumia namba kamili za biti 64 zisizo na hasi haitalalamika. Itatupa 2⁶⁴ nzima kimyakimya na kukuonyesha 12,975,236,915,480,337,152. Linganisha na jumla ya vigawo halisi hapo juu: zimetofautiana kwa 1. Ukiliona jibu hilo utadhani umepata jumla ya vigawo halisi na kwamba umekosea kidogo tu mahali fulani, utafute kosa la moja siku nzima. Kumbe namba imefurika.

Sifa nyingine inayohitajika mara nyingi ni idadi ya namba kuanzia 1 hadi namba yako ambazo hazishiriki nayo kigawo chochote isipokuwa 1. Hapa unatoa 1 kwenye kila kigawo tasa badala ya kuongeza:

2 × 4 × 16 × 256 × 640 × 65,536 × 6,700,416 = 9,208,981,628,670,443,520

Ni chini kidogo ya nusu. Ukiinua yoyote kati ya hizo kwa kipeo hicho, baki kwa namba yako ni 1. Lakini kipeo kidogo kuliko hicho kinatosha kwa zote: kigawe kidogo cha shirika (KDS) cha 2, 4, 16, 256, 640, 65,536 na 6,700,416. Kwa kuwa 640 ni 2⁷ × 5 na 6,700,416 ni 2⁷ × 3 × 17,449, KDS ni 2¹⁶ × 3 × 5 × 17,449 = 17,153,064,960. Kipeo kikubwa ni mara 536,870,912 ya kidogo, yaani 2²⁹ kamili. Na kwa 2 yenyewe mzunguko ni mfupi mno: hatua 64 tu, kama tulivyoona.

Pembeni kidogo: zao la zile tano za kwanza, 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537, ni 4,294,967,295. Hiyo ndiyo idadi kubwa zaidi ya witiri inayojulikana ya pande za umbo sawa linaloweza kuchorwa kwa rula isiyo na alama na bikari. Umbo la pande zako 18,446,744,073,709,551,615 halichoreki, kwa kosa la 641: ukitoa 1 unapata 640, na hiyo 5 iliyomo ndani yake inaharibu kila kitu. Ingekuwa kipeo cha 2 kitupu kama kwa zile tano, 641 isingekuwa kikwazo.

Turudi kwenye programu yako. Bila kuiona, nina hakika kiasi kwamba inatumia kipimo cha Fermat kwa msingi wa 2: inainua 2 kwa kipeo cha n − 1, inachukua baki kwa n, na ikipata 1 inatangaza tasa. Kila namba tasa ya witiri hufaulu kipimo hicho, ila si kila inayofaulu ni tasa. 4,294,967,297 ni mfano wa kutisha. Kwa baki zake, 2³² ni −1 na 2⁶⁴ ni 1. Na n − 1 ni nini? Ni 2³², ambayo inagawanyika kwa 64. Basi lazima jibu liwe 1. Namba za Fermat zimejengwa kwa namna ambayo msingi wa 2 hauwezi kuzikamata hata siku moja, na kipimo kikali zaidi cha Miller na Rabin nacho hudanganywa vilevile kikitumia 2 peke yake, kwa kuwa njiani kinakutana na −1 na kuridhika.

Badilisha msingi uwe 3 na uongo unaonekana. Kwa baki za 641, endelea kupiga mraba kuanzia 3: 9, 81, 151, 366, 628, 169, 357, 531, 562. Unaweza kuendelea utakavyo, hutaifikia 1, kwa sababu mzunguko wa 3 kwa 641 una kigawo cha 5 ndani yake na kupiga mraba hakuondoi 5. Kwa hiyo 3 kwa kipeo cha 2³² haina baki 1, na 4,294,967,297 inakamatwa. Kwa namba yoyote iliyo chini ya 2⁶⁴ si lazima ubahatishe: kipimo cha Miller na Rabin kwa misingi 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31 na 37 kimethibitishwa kutoa jibu sahihi, siyo jibu la kuelekea usahihi. Angalizo moja: unapozidisha baki mbili za biti 64, zao linahitaji biti 128 kabla ya kuchukua baki. Ukisahau hilo, kipimo kitafanya kazi vizuri kwa namba ndogo ulizojaribia na kuharibika kwa kubwa. Kwenye Python andika pow(3, n-1, n) kwa vipande vyote vitatu. Ukiandika 3**(n-1) % n, kompyuta itajaribu kwanza kuitengeneza namba yenye tarakimu zaidi ya bilioni 2.

Na kama una kitanzi cha kujaribu vigawo chenye sharti la d*d <= n kwa biti 64, kibadilishe kiwe d <= n/d. Kwa namba tasa iliyo karibu na kilele cha 2⁶⁴, d itafika 4,294,967,296, mraba wake utakuwa sifuri kwa kufurika, sharti litaendelea kuwa kweli, na programu haitasimama. Kwa namba yako hutaliona kosa hilo, maana vigawo vidogo vinaipunguza haraka: baada ya kugawanya kwa 65,537 inabaki 6,700,417, ambayo ni ndogo kuliko mraba wa 65,537, na kitanzi kinaisha hapo. Usiitumie namba hii peke yake kupima programu.

Sasa jirani, 18,446,744,073,709,551,617. Ni yako ukiongeza 2, yaani 2⁶⁴ + 1, na hapo ule mchezo wa tofauti ya miraba haupo tena. Ni namba ya Fermat inayofuata baada ya ile ya Euler. Haina kigawo chochote kidogo, na ilisubiri hadi mwaka 1855, miaka 123 baada ya Euler, ndipo Thomas Clausen akaivunja, kisha Fortuné Landry akaivunja tena mwaka 1880:

18,446,744,073,709,551,617 = 274,177 × 67,280,421,310,721

Vigawo vyake lazima viwe 256k + 1, na 274,177 ni k = 1,071. Kwa kompyuta ni kufumba na kufumbua. Kwa kalamu ni kazi ya mtu mvumilivu, hasa ukikumbuka kwamba kuthibitisha utasa wa kile kikubwa kwa njia tuliyotumia juu kunataka kupitia k hadi kama 32,000. Ina vigawo vinne tu. Yako, iliyo hatua mbili nyuma yake, ina 128.

Usidhani basi kwamba kila 2 kwa kipeo fulani ukitoa 1 ni laini kama yako. Yako ilivunjika kwa sababu 64 inagawanyika mno. Chukua 2⁶⁷ − 1, ambayo ni 147,573,952,589,676,412,927. Ina tarakimu 21, moja zaidi ya yako, lakini 67 ni tasa, hivyo hakuna pa kushika. Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha kwamba si tasa bila kutoa kigawo hata kimoja, kwa sababu kipimo chake kinajibu swali la kuvunjika na si la vipande. Vipande vilikuja Oktoba 1903, pale Frank Nelson Cole alipovizidisha ubaoni mbele ya mkutano wa American Mathematical Society: 193,707,721 × 761,838,257,287. Kigawo cha namba hii lazima kiwe 134k + 1, na kile kidogo kina k = 1,445,580. Ukitaka kukagua dai kama hilo haraka, toa tisa-tisa: jumla ya tarakimu za kigawo cha kwanza ni 37, inayoshuka hadi 1, ya pili ni 64, inayoshuka hadi 1, ya zao ni 109, nayo hushuka hadi 1. Tarakimu za mwisho, 1 × 7, zinatoa 7. Ukaguzi huu hauthibitishi, ila hukamata makosa mengi ya kunakili.

Ukitaka kompyuta ifanye yote, amri ya factor iliyomo kwenye Linux inatosha: factor 18446744073709551615 itakurudishia saba zako papo hapo. Ndani yake, baada ya vigawo vidogo, inatumia njia ya Pollard iitwayo ro, ambayo hatua zake hukua kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha kigawo kidogo, siyo cha namba nzima. Kwa 274,177 ni mamia ya hatua. Kwa 193,707,721 ni kama elfu 14. Ndiyo maana kinachotisha si urefu wa namba bali urefu wa kigawo chake cha pili kwa ukubwa: namba ya tarakimu elfu yenye vigawo vyote vidogo ila kimoja huvunjika mara moja.

Umbali kati ya vigawo nao una maana. Kumbuka ile jozi yako iliyoachana kwa 2. Fermat alikuwa na njia: chukua kipeuo cha pili cha namba, kipandishe hadi namba kamili inayofuata, kipige mraba, toa namba yako, uone kama kilichobaki ni mraba. Kwa yako, kipeuo kikipandishwa ni 4,294,967,296. Mraba wake ukitoa namba yako ni 1, ambayo ni mraba. Jaribio la kwanza tu. Ndiyo sababu anayetengeneza ufunguo wa RSA (mfumo wa kuficha ujumbe unaotegemea ugumu wa kuvunja namba kubwa) hatakiwi kuchagua namba mbili tasa zinazokaribiana: hata kama kila moja ina tarakimu 300, njia hii ya karne ya 17 itaufungua.

Zikichaguliwa vizuri, hali ni tofauti kabisa. RSA-250, yenye tarakimu 250 na vigawo viwili tasa vilivyolingana urefu, ilivunjwa Februari 2020 kwa kazi ambayo kiini kimoja cha kichakataji kingeifanya kwa takriban miaka 2,700. Na katika ukoo uleule wa Fermat, 2 kwa kipeo cha 16,777,216 ukiongeza 1 ina tarakimu 5,050,446. Mwaka 1999 ilithibitishwa kuwa si tasa, kwa hesabu ya kupiga mraba kuanzia 3, ndugu wa hiyo tuliyofanya kwa 641. Kigawo chake, hata kimoja, hakijulikani.